Duka ya Samaki

Shilingi ishirini mechi moja,
hamsini nusu saa,
na mwenye kutupa padi kwa hasira
atalipa padi na rangi ya ukuta.
Hayo nimeyaandika kwa makaa karibu na swichi,
Majengo, mlango wa pili baada ya fundi cherehani.

Mimi si mchezaji. Vidole vyangu ni vya kupika mabuyu.
Lakini miaka sita nimekaa nyuma ya migongo yao,
na akaaye jikoni, hata asipoonja,
kilichoungua hukijua.
Basi niulizeni.

Huu wa mpira kwanza. Juzi Shebwana
alifungwa manne na Ramla wa darasa la saba,
akawashitaki waundaji kwa shairi,
maana yeye kushindwa kwa nathari hajui:

*Sikilizeni wenzetu, huu ni wa mwaka juzi,*
*Wamebadili viatu, na rangi mpya za jezi,*
*Bei yapanda kwa watu, kana kwamba tuna kazi,*
*Na kipa angali butu, hajui kudaka, mwizi!*

Ramla hakugeuka. Akasema:
Vina vimekaa. Na mabao pia.

Wa magari ni mzuri. Mvua yake kwenye kioo
humfanya mtu atafute kitambaa.
Ila gari la uongo
lataka tairi la pesa za kweli.

Ule wa mapanga, wa mfalme aliyeoza,
Mwakio amefia daraja moja mara sitini na moja,
akitoka zamu Kilindini, buti hajavua.
Nilikuwa nikiuchukia. Sasa nauheshimu.
Unakuua, halafu unakuonyesha ulipokosea.
Wasimamizi wangapi hufanya hivyo?

Sasa huu mpya.
Umenilia bando tatu na usiku mbili kuushusha.
Askari kifua-mlango anateremka kwa helikopta
katika "mji wa pwani", basi, hauna jina.
Milango ya nakshi, kweli, mtu aliketi akaichonga
msumari kwa msumari, Mungu ampe.
Hata joto linatetema juu ya lami.
Kahindi anakwenda mbele, ameinama,
mara akasimama wima katikati ya risasi,
chini ya kibao kikubwa cha buluu:
DUKA YA SAMAKI.

Kimya.
Kisha chumba kizima kikapasuka.
Duka *ya*! Duka *ya*!
Shebwana alilala sakafuni, akashika mbavu.
Mwishoni majina ya waliouunda yakapanda, dakika kumi nzima,
na katika umati wote ule
hakuna hata mmoja mwenye shangazi Mombasa wa kumpigia simu.

Lakini kabla ya majina palikuwa na muuza madafu.
Kikoi amekifunga kifuani, sijui kwa nini,
mikono juu, alama nyekundu kichwani.
Kahindi akaweka padi chini.
"Huyu ni kama baba mdogo."
Mwakio: "Ni mchoro tu, bwana, piga."
Ramla akaichukua, akabonyeza kila kitufe, kimoja kimoja,
akitafuta cha kununua dafu.
Hakipo.
Kupiga magoti kupo kwa namna saba,
kupiga risasi kumi na moja.

Wanasema mwingine waja Disemba.
Mwaka jana pia ulikuwa waja Disemba.
Wanataka nilipe sasa, niwekewe.
Kipya kinyemi, najua, ijapo kidonda,
ila mimi hata mkate wa kumimina
siulipii kabla sijauona umeinuka.

Tokeni zikaisha katikati ya mabishano.
Wakatoka wakiendelea kubishana gizani.

Asubuhi nilipofungua
nikakuta makaa yamehama mahali pake,
na chini ya bei zangu, mwandiko wa kitoto,
umepigiwa mstari mara mbili:
LA.

Rangi ya ukuta
sijamdai mtu bado.